Niliombwa nimzimie mgonjwa rimoti yake, nikakubali

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Niseme mapema kwamba hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Waliokuja na vikombe wavirudishe jikoni. Mengine humu nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyafanya kwa mikono yangu, na hayo ya mikono yangu ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Mimi ni fundi wa ving'amuzi na madishi. Nipo Kongowe, Kibaha. Siyo Kongowe ile ya kuelekea Mbagala, maana nimeshapigiwa simu na mteja yuko stendi ya huko ananiuliza mbona hanioni. Kongowe ya Kibaha.

Kama kuna mafundi wenzangu humu watakubaliana na mimi: simu nyingi tunazopigiwa siyo za ubovu. Ni betri imekwisha. Ni panya katafuna waya. Ni mtu kabonyeza asichokijua halafu anaapa hajagusa kitu. Na huku kwetu Pwani kuna ugonjwa mwingine mkubwa kuliko yote: kitambaa.

Nyumba ya mtu wa Pwani, TV ina kitambaa, redio ina kitambaa, king'amuzi kina kitambaa, hata friji kichwani ina kitambaa. Vinafumwa kwa mkono, vizuri kweli, vina maua. Halafu ua moja linaangukia mbele ya king'amuzi, linaziba kile kijicho kinachopokea rimoti, unapigiwa simu: fundi, rimoti haishiki.

Sasa twende kwenye kisa.

Kuna jamaa yangu, tumwite Hamisi, anafanya kazi kwenye ofisi moja hapa Kibaha. Kwao ni Kisarawe, siyo pale mjini juu ya vilima, ni ndani ndani huko Marui. Wazazi wake wapo huko, na mkewe Salma anakaa huko huko na wakwe kwa sababu mzee anaumwa. Hamisi anakwenda mwisho wa wiki.

Baba yake, Mzee Pazi, alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote hauna kazi, na mdomo umefunga. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila neno halitoki. Linatoka sauti tu, nayo ndogo. Mkono wa kushoto ndio uliobaki, na wenyewe kidole gumba ndicho chenye nguvu.

Huyu mzee alikuwa karani wa ghala la korosho enzi zake. Hamisi aliniambia baba yake alikuwa mtu wa taarifa ya habari, ikifika saa yake hata mgeni ananyamaza. Sasa amelala chumbani, na TV ipo sebuleni.

Hamisi akanunua TV ndogo akaiweka chumbani. Kijana wa huko akamvutia waya kutoka kwenye king'amuzi cha sebuleni hadi kwenye ile TV. Picha ikaja. Ila ikawa ni ile ile ya sebuleni. Sebuleni wakiweka tamthilia, mzee anaangalia tamthilia. Akitaka habari hana pa kusema, na hata angekuwa na rimoti, ukuta upo katikati.

Hamisi aliponieleza nilimwambia hilo dogo, nitakufungia rimoti ya RF.

Kwa wasiojua nieleze kidogo, wajuaji mruke hapa. Rimoti nyingi mlizonazo majumbani ni za infrared. Zinatoa mwanga ambao jicho la mtu halioni, na mwanga huo lazima ufike kwenye kijicho cha king'amuzi. Ukuta unaziba, kabati linaziba, mgongo wa mtu aliyesimama mbele unaziba. Ukitaka kujua kama rimoti yako ni nzima, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu kisha bonyeza, kwenye kioo utaona kinuru kinawaka. Kama hakiwaki, usinipigie, nunua betri kwanza.

Za RF zinatumia mawimbi ya redio. Zinapita ukuta, huhitaji kuielekeza popote, unaweza kuwa umelala umeificha chini ya shuka ikafanya kazi. Ila siyo kila king'amuzi kinazikubali, na hata kinachokubali lazima kwanza kiijue rimoti yake kwa namba. Unaweka namba kwenye rimoti, unaingia kwenye menu ya king'amuzi unakifundisha namba ile ile. Vikikubaliana basi, wameoana hao.

King'amuzi cha akina Hamisi kilikuwa cha aina inayokubali, na nyuma kina kiantena chake kifupi. Nikatafuta rimoti, nikaiweka sawa hapa dukani kwangu, nikajaribu na king'amuzi changu cha aina ile ile, safi. Jumamosi nikapanda pikipiki na Hamisi nyuma, tukaenda Marui.

Hapo ndipo nilipojiaibisha mara ya kwanza.

Tumefika, nimewasalimia, mama yake Hamisi, Bi Mwanaidi, nimempa shikamoo yake kanijibu marahaba huku ananitazama kuanzia viatu kwenda juu. Salma akatuletea maji. Nikafunua kitambaa, bila shaka kilikuwepo, nikakikunja nikakiweka pembeni. Bi Mwanaidi alikifuata kwa macho.

Nikabonyeza rimoti pale sebuleni, chaneli ikapanda, ikashuka. Nikajisifu kidogo mbele za watu. Nikaingia chumbani kwa mzee nikiwa na rimoti yangu, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Mzee ananiangalia.

Wakuu, nilisahau kwamba rimoti ile ilikuwa imeoana na king'amuzi changu cha Kongowe. Pale sebuleni ilifanya kazi kwa sababu rimoti za namna ile zinatoa na infrared pia, kwa hiyo ukiwa mbele ya kijicho inakudanganya kwamba mambo yako sawa. Ukiingia nyuma ya ukuta ndipo unaujua ukweli. Kosa la fundi mwanafunzi kabisa, na mimi nina mvi za kuhesabika tayari.

Nikarudi sebuleni kimya kimya, nikaingia kwenye menu, nikakifundisha king'amuzi namba ya rimoti ile. Dakika tatu. Bi Mwanaidi akamuuliza mwanawe kama kweli huyu ndiye fundi aliyemsifia.

Nikarudi chumbani. Vitufe vya rimoti vilikuwa vidogo kwa mkono wa mzee, kwa hiyo nikachukua ile gundi ya karatasi, yaani tepu, ya kubandikia waya, nikavikunja vipande viwili vinene nikavibandika, kimoja kwenye kitufe cha kupandisha chaneli, kingine cha kushusha. Nikamweka rimoti kwenye kiganja cha kushoto, nikamwongoza kidole.

Akabonyeza. TV ya chumbani ikahama. Akabonyeza tena, ikahama tena. Akaenda hivyo hivyo hadi akafika kwenye habari, akaacha.

Sitasema uongo kwamba alilia au alicheka, uso wake haufanyi hayo vizuri. Alipumua tu kwa nguvu, akaishika rimoti akaiweka kifuani. Hamisi alitoka nje. Tukala ugali wa muhogo, wenyewe wanauita bada, na samaki wa nazi, nikarudi Kibaha nikijiona mtu wa maana sana.

Wiki ya kwanza kimya. Kwa fundi, kimya cha mteja ni sifa.

Wiki ya pili Salma akanipigia. Akaniambia kwa upole, fundi, hii rimoti ya baba imetuletea kazi. Tupo kwenye tamthilia mchana, pale pale panaponoga, chaneli inaruka. Inakwenda juu, inarudi chini, inakwenda juu, inarudi chini. Tunarudisha, baada ya muda kidogo anaanza tena. Tunamwita kutoka huku sebuleni, baba tuachie kidogo, ndiyo kwanza anazidisha.

Nikacheka. Nikamwambia shemeji, huyo mzee anawakomoa, alikaa muda mrefu anaangalishwa tamthilia zenu kwa lazima.

Akacheka na yeye. Akasema mama naye amechoka. Akasema wanaona ule ugonjwa umemrudisha utotoni, kapata cha kuchezea basi anachezea siku nzima.

Simu ikaisha. Siku tatu mbele akapiga tena, safari hii Bi Mwanaidi alikuwa pembeni yake nasikia sauti. Wana ombi. Wanaomba nifanye namna ile rimoti isifanye kazi, ila mzee asinyang'anywe. Aachiwe aishike, abonyeze anavyotaka, asijue. Na asubuhi kwenye taarifa ya habari wao wenyewe watamwekea.

Nilisita? Nataka niwe mkweli kwenu. Nilisita kama muda wa kumeza mate. Halafu nilikuwa juu ya bati la mteja mwingine, jua linanichoma, nikaona njia fupi. Nikamwelekeza pale pale kwenye simu. Bonyeza menu. Nenda kwenye mfumo. Shuka kwenye rimoti. Utaona RF, izime. Toka.

Salma ni mwepesi, alimaliza kabla sijashuka ngazi. Akaniambia chaneli iliyokuwa inaruka sasa imetulia. Akanishukuru. Bi Mwanaidi naye akanishukuru, na safari hiyo aliniita mwanangu.

Jambo lenyewe ni dogo hivyo. Hakuna waya niliokata. Rimoti ilibaki na betri zake, kila akibonyeza kijitaa chake chekundu kinawaka kama kawaida. Ila ilikuwa inapiga kelele mahali ambapo hakuna anayesikiliza, na mimi ndiye niliyeziba masikio ya upande wa pili.

Zikapita kama wiki mbili.

Ijumaa Hamisi akaja dukani kwangu, sura imemshuka. Akasema mzee hali imebadilika. Ameanza kujikojolea, kitu ambacho hakikuwepo tangu atoke hospitali. Hataki kula, wakimpa kijiko anageuza uso ukutani. Wakimsemesha haangalii mtu. Kesho anakwenda kumchukua ampeleke hospitali, anaogopa kiharusi kimerudi mara ya pili.

Halafu akaniambia kwamba na ile rimoti nayo inaonekana imekufa, maana Jumapili iliyopita alikuwepo akamwona baba anabonyeza hakuna kinachotokea. Akaniomba tuende wote, niitazame, angalau mzee apate cha kumtuliza.

Wakuu, ningemwambia pale pale. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili, duka halina mteja. Sikumwambia. Nilijisemea nitafika, nitaiwasha kimya kimya, nitasema ilikuwa setting, yataisha. Kwa fundi neno setting ni shuka la kufunikia kila kitu.

Jumamosi tukaenda. Njia nzima toka Kisarawe mjini kwenda ndani sikuongea, Hamisi akadhani ni vumbi.

Tulipofika nilimkuta Salma uani, tukaangaliana, akashusha macho. Nikajua na yeye hajamwambia mumewe. Bi Mwanaidi alikuwa sebuleni, amechoka, mashuka matatu yapo kwenye kamba nje. Kitambaa kimerudi juu ya king'amuzi, kile kile cha maua.

Tuliingia kwanza kumsalimia mzee. Nikampa shikamoo. Zamani alikuwa anaitikia kwa kuinua kidole, safari hii hakuinua. Rimoti ilikuwa mkononi mwake bado. Nikaangalia vile vipande vya gundi nilivyobandika. Cha juu kilikuwa kimelika hadi kimebaki uzi, na kitufe chenyewe maandishi yamefutika. Wiki hizo chache tu. Na hata pale tulipokuwa tumesimama, kidole gumba kilikuwa kinabonyeza. Taratibu, bila haraka.

Nikaomba kutoka nikarekebishe. Hamisi akabaki sebuleni na mama yake wanapanga habari za gari la kwenda hospitali. Salma kasimama mlangoni. TV ilikuwa imewashwa, mchana ule tamthilia yao ilikuwa inaendelea ingawa hakuna aliyekuwa anaiangalia kwa moyo.

Nikafunua kitambaa. Menu, mfumo, rimoti, RF. Nikawasha. Nikatoka kwenye menu.

Sikupata hata muda wa kuweka chini rimoti ya sebuleni niliyokuwa nayo. Chaneli ikaruka. Juu, chini. Juu, chini. Juu, chini.

Bi Mwanaidi akashika kichwa akasema haya, ameanza tena.

Mimi nikaingia chumbani nikiwa natabasamu, nataka kumwambia mzee imepona. Nikasimama mlangoni. Mzee anabonyeza, kidole kinakwenda. Nikageuka kuangalia TV yake ili nione anatafuta chaneli gani.

TV ya chumbani ilikuwa imezimwa.

Siyo kwamba ilikuwa kwenye chaneli isiyoshika. Ilikuwa nyeusi, plagi imechomolewa kwenye soketi, waya umekunjwa vizuri umewekwa juu yake.

Mtu anabadilisha chaneli za TV iliyozimwa kwa ajili gani? Na akili yake ni nzima, wote tunasema akili yake ni nzima.

Nikapiga goti kando ya kitanda. Nikamuuliza: "Mzee, unataka nini?"

Akaacha kubonyeza. Akaniangalia, mara ya kwanza siku hiyo. Halafu akashusha macho chini ya kitanda, akayarudisha kwangu, akayashusha tena. Chini ya kitanda palikuwa na kile chombo cha haja ndogo walichopewa hospitali.

Nikamwita Hamisi. Akaingia akamsaidia baba yake, mimi nikasimama nje ya mlango. Shuka likabaki kavu. Mzee akaiweka rimoti kifuani, kidole kikatulia. Na kule sebuleni chaneli nayo ikatulia, tamthilia ikaendelea, wakawa wanaongea wenyewe humo ndani ya TV.

Nikawaeleza wote taratibu. Nikawaambia TV ya mzee imezimwa, na alikuwa anabonyeza, na nilipomuuliza alikuwa anataka chombo.

Salma ndiye aliyelisema: "Kumbe alikuwa anatuita."

Mkifikiria ni akili kubwa sana, wakuu. Sauti yake haifiki sebuleni, TV inapiga kelele. Walikuwa wamempa kopo la kugonga, likamponyoka siku ya kwanza likaviringika uvunguni. Akalala pale anatafuta, ni kitu gani ndani ya nyumba hii nikikigusa watu wote watashtuka hapo hapo? Akakipata. Akawa anairusha chaneli juu na chini, mara mbili tatu, anasubiri. Na kweli walishtuka wote. Ila hakuna aliyeinuka. Walimjibu kwa kumpigia kelele kutoka kwenye viti, baba acha.

Halafu siku moja akabonyeza, na hata zile kelele hazikuja.

Bi Mwanaidi alikaa chini kwenye mkeka. Akasema kwa sauti ndogo: "Na TV yake naichomoa mimi, kila asubuhi habari zikiisha, nabana uniti za umeme. Kwa mkono wangu huu. Nilikuwa najua kabisa haiwaki."

Alikuwa anajua haiwaki, na alikuwa anajua mzee anabonyeza. Mambo mawili hayo yalikaa kichwani mwake wiki zote hizo kila moja kivyake, hayakuwahi kukutana. Na mimi siwezi kumcheka, maana mimi ndiye mtaalamu na sikuuliza hata swali moja.

Hamisi akakumbuka. Akauliza: "Sasa hii rimoti ilikuwa imezimwa na nani?"

Salma alikuwa amekunja mkono kwenye khanga, anaangalia sakafu. Yule ni mkwe katika nyumba ya watu, mnajua lawama inavyojua njia ya kwenda kwa mkwe.

Nikasema: "Niliizima mimi."

Salma akainua uso. Akasema: "Nilimpigia mimi, nikamwomba." Bi Mwanaidi naye kutoka pale chini akasema: "Na mimi nilikuwa pembeni, nikamshukuru."

Hamisi hakufoka. Ningependa angefoka. Alituangalia mmoja mmoja, akarudi chumbani kwa baba yake, akafunga mlango. Alikaa humo hadi adhuhuri ikaadhiniwa, na sisi huku nje hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni.

Hospitali walikwenda hivyo hivyo, Jumatatu yake, kwa uhakika. Daktari akasema kiharusi hakijarudi. Kula alianza kula Jumamosi ile ile jioni, kijiko alikishika Bi Mwanaidi mwenyewe.

Mimi kabla sijaondoka nilimbandikia gundi mpya. Na nikamwomba msamaha, nikiwa nimepiga goti pale pale. Nilimweleza nilichofanya, hatua kwa hatua, kama ninavyowaelezea nyie, maana mtu aliyekuwa karani wa ghala anastahili kupewa maelezo kamili. Alinisikiliza. Mwisho akainua kidole, kile cha kuitikia shikamoo. Mimi nimelichukulia hilo kuwa ni jibu. Labda najipendelea.

Wakapanga utaratibu wao. Chaneli ikiruka mara moja, kuna mtu anakwenda. Ikienda na kurudi, mtu anakwenda mbio. Kengele ya betri nilimpelekea baadaye, zile za kubonyeza mlangoni, bure, nikaifunga. Hajawahi kuigusa. Nadhani anapenda kuikata tamthilia, hilo nalo lipo, na Bi Mwanaidi anasema hivyo hivyo kila nikimsalimia kwenye simu.

Sasa lililonifanya niandike leo.

Juzi mchana Salma amenipigia, ana wasiwasi. Fundi, leo tangu asubuhi chaneli haijaruka hata mara moja.

Nikamuuliza umemwangalia? Betri je? RF kwenye menu imewashwa?

Akasema betri amebadilisha, menu ameangalia, imewashwa. Na mzee mwenyewe, yeye Salma ameshamwangalia mara tano. Nikamuuliza mara ya mwisho lini. Akasema ndiyo nipo humu humu sasa hivi, nimeleta mchele nauchambulia hapa chini, na mama yupo, tumehamishia mkeka chumbani siku ya tatu hii, TV tunaangalia ya huku.

Nikamwambia shemeji, rimoti ni nzima. Anaita nani sasa, na nyote mpo humo?

Akacheka, kisha akawa hacheki, kisha akasema ngoja nimalize mchele.

Basi. Nimejifunza kuuliza. Mteja akiniambia kifaa kinasumbua, siku hizi namuuliza nani anakitumia na anakitumia kufanya nini, kabla sijagusa menu. Wengine wananiona fundi mwenye maneno mengi. Sawa tu.

Na wewe ambaye una mgonjwa chumbani na wewe uko sebuleni unasoma uzi huu, inuka kwanza ukamchungulie, mimi na uzi wangu hatuhami.

Ukirudi uandike hapa chini. Mafundi nao wenye maswali ya RF walete, aina zinazokubali na namna ya kuziweka namba nitajibu nikishuka juu ya bati. Na mwenye neno la kunichapa anichape, nimelileta mwenyewe.